Maneno Yale Yale, Vyombo Vingine: Shania Twain na Waimbaji wa Taarab

Novemba 2002 Shania Twain alitoa albamu iitwayo Up! yenye nyimbo 19, na nyimbo hizo alizitoa mara tatu. Diski ya kijani ilikuwa ya kantri, yenye fidla, banjo na lile gitaa la kulazwa linalolia kwa kutelezeshewa chuma juu ya nyuzi. Diski nyekundu ilikuwa ya pop, ngoma nzito na vinanda vya umeme. Ya buluu ilipewa mahadhi ya Kihindi. Sauti ya mwimbaji ilibaki karibu ile ile, na maneno hayakuguswa. Mnunuzi wa Marekani aliuziwa ya kijani pamoja na nyekundu. Wa Ulaya na kwingineko akapata nyekundu pamoja na ya buluu. Wiki ya kwanza peke yake Wamarekani walinunua nakala 874,000.

Kwa kawaida mwimbaji wa kantri akihamia pop, wapenzi wake hubaki kubishana kwa kukisia. Ingekuwaje kama angebaki na fidla zake? Je, wimbo ule ule ungekuwa mzuri zaidi? Kwa Up! hakuna haja ya kukisia, kwa maana mashtaka na utetezi vimo katika kasha moja. Unachukua wimbo mmoja, unausikiliza kwenye kijani, kisha kwenye nyekundu, na ukifanikiwa kuipata, kwenye buluu. Kinachoshangaza ni kwamba hakuna mahali ambapo wimbo unakataa. Unakubali kila kitu.

Kukubali huko ndiko ninakotaka kukupima, na kipimo changu nitakitoa Mombasa na Unguja. Ugomvi wa "huyu ameuacha muziki wetu" umeendeshwa pwani yetu kwa nguvu ile ile ya Nashville, kitovu cha kantri, na taarab inao ushahidi ambao wahakiki wa kantri hawakuwahi kuuona.

Hizi tamaduni mbili si wageni kabisa. Mwishoni mwa Julai 1927 Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifunga mitambo yake katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, na kabla wiki mbili hazijaisha alikuwa amewarekodi Jimmie Rodgers na familia ya Carter. Mwaka uliofuata Siti binti Saad, binti wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akiuza vyungu mjini Unguja, alisafiri kwa meli hadi Bombay kurekodi santuri za HMV. Victor na HMV zilikuwa kampuni zenye udugu wa mtaji, na zote mbili zilitumia alama ya yule mbwa anayesikiliza gramafoni. Wala hazikuja kuhifadhi mila za mtu. Zilikuwa na mashine za kuuza, na ziligundua kwamba mtu hununua mashine upesi zaidi anapoisikia ikisema lugha ya kwao. Santuri za Rodgers ziliwahi kufika hadi Bonde la Ufa: mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers mwenyewe, ambaye kwao alikuwa amegeuka kiumbe nusu mtu nusu paa.

Kwa hiyo anayesema kantri ya zamani au taarab ya zamani haikujua soko, itambidi arudi nyuma zaidi ya mwaka 1927. Na hata akitaka kusimama hapo, ardhi haitatulia. Kenya ina wapenzi wengi wa kantri, na ukiwauliza wakutajie kantri halisi, jina la Jim Reeves halichelewi. Lakini Reeves yule wa He'll Have to Go, mwishoni mwa 1959, ndiye tunda la uhamaji wenyewe. Rock and roll ilipowanyakua vijana katikati ya miaka ya 1950, Chet Atkins wa RCA na Owen Bradley wa Decca waliamua kuiokoa Nashville kwa kuilainisha. Fidla ya kijijini ilitoka, kikaingia kikosi kizima cha fidla za mjini. Gitaa la kulazwa likapunguzwa, wakaletwa waitikiaji wenye sauti laini. Inasimuliwa kwamba Atkins alipoulizwa mtindo huo wa Nashville ni kitu gani, alitia mkono mfukoni akatikisa sarafu. Sauti ambayo Nakuru na Eldoret waliipokea kama kantri ya asili, wakongwe wa Tennessee waliipokea kama kujiuza.

Unguja nako ni vivyo hivyo. Mapokeo yanamtaja Sultani Barghash kuwa ndiye aliyemtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza ala, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, ilianza kwa kuimba Kiarabu. Siti alipoimba Kiswahili, akaimba habari za mitaa ya Ng'ambo, za mahakama, za matajiri waliomwonea mnyonge, hakuwa akiendeleza mila ya kasri. Aliivunja. Leo Siti ndiye mizani tunayopimia taarab yote iliyokuja baada yake.

Nashville ilikuwa na hasira zaidi kuliko Unguja, na mara nyingine hasira hiyo ilichekesha. Mwaka 1974 chama cha muziki wa kantri kilimpa Olivia Newton-John, mzaliwa wa Uingereza aliyelelewa Australia, tuzo ya mwimbaji bora wa kike. Wakongwe wakakusanyika nyumbani kwa George Jones na Tammy Wynette, wakaunda chama chao wenyewe. Mwaka uliofuata Charlie Rich, aliyepaswa kutangaza msanii bora wa mwaka, alifungua bahasha akaliona jina la John Denver, akatoa kiberiti cha gesi akaiwasha ile karatasi mbele ya kamera. Mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa chuki, mzaha au dawa alizokuwa amemeza. Dolly Parton alikuwa mwerevu kuliko wote. Mwaka 1977, aliporekodi Here You Come Again, wimbo wa pop ulioandikwa na watunzi wa pop, alisisitiza liwekwe gitaa la kulazwa, ili atakayesema ameacha kantri aoneshwe lile gitaa. Anayejua watu humaliza kesi kabla haijafunguliwa.

Tazama lakini kesi yenyewe inaamuliwa kwa nini. Kwa chombo. Gitaa likiwepo, ni kantri, lisipokuwepo, umehama. Hapa ndipo taarab inapotofautiana na kantri, na tofauti hii ndiyo inayonifanya nimsikilize Shania Twain kwa sikio jingine.

Mombasa ilikuwa na Juma Bhalo, mtribu aliyefariki mwaka 2014. Sehemu kubwa ya umaarufu wake ilitokana na kuchukua tuni za filamu za Kihindi, akaketi na hamoniamu yake na tabla pembeni, na juu ya tuni hizo akaweka mashairi ya Kiswahili, mengi yao kazi ya malenga Ahmad Nassir. Ukitumia kipimo cha Nashville, Bhalo hakuwa na hata chembe ya uenyeji, kwa sababu tuni ilitoka Bombay na ala zilitoka Bombay, na hata namna ya kuivuta sauti mwishoni mwa mstari ilitoka huko huko. Wapo waliomlaumu, naye Zein l'Abdin na udi wake alikuwa mfano uliotajwa sana wa njia nyingine. Lakini wapenzi wa Bhalo waliokuwa wakinunua kanda zake kutoka Lamu hadi Tanga walikuwa wakinunua maneno. Walikuwa wakisikiliza vina, wakipima mizani, wakibishana usiku kucha kuhusu nani aliyekusudiwa katika ubeti wa tatu. Shairi lilikuwa la Mvita na halikuweza kuwa la mahali pengine. Ukilitia katika tuni ya Kihindi, ya Kiarabu au ya dansi, bado linajua kwao.

Diski ya buluu ya Up! ni jambo hilo hilo kwa juu. Ala za Kihindi, mwimbaji wa mbali. Lakini ndani ni kinyume chake. Kwa Bhalo, tuni ya kigeni ilibeba maneno yenye anwani. Kwa Twain, tuni ya kigeni ilibeba maneno yasiyo na anwani kabisa. Ndiyo maana nyimbo za Up! zinakubali kila kitu. Ziliandikwa zikubali. Nyingi zinasema mambo ya furaha, ya mapenzi yatakayodumu, ya siku itakayokuwa nzuri baada ya siku mbaya, na hazitaji mji, barabara, kazi wala jirani. Nautenga wimbo mmoja, Ka-Ching!, unaodhihaki watu wanaokopa ili wanunue wasivyohitaji. Huo una meno. Zilizobaki ningeweza kumpa mwimbaji yeyote wa jiji lolote, naye asibadilishe neno.

Hili halikuwa hivyo miaka mitano nyuma, na ndiyo maana namlaumu Twain kwa albamu moja huku nikimtetea kwa nyingine.

Come On Over ilitoka Novemba 1997, na imeuza zaidi ya nakala milioni 40 duniani. Mtayarishaji wake, aliyekuwa pia mumewe, ni Robert John Lange, anayeitwa Mutt. Lange alizaliwa Mufulira, katika migodi ya shaba ya nchi inayoitwa leo Zambia, akakulia Afrika Kusini, akaenda Uingereza kutengeneza rock ya viwanja vya mpira: Back in Black ya AC/DC, Hysteria ya Def Leppard. Kwa wanaodhani kantri ni mali ya milima ya Kusini mwa Marekani, hebu wapime: mwimbaji ni Mkanada kutoka Timmins, mji wa migodi ya dhahabu huko Ontario, na fundi wake ni mtoto wa migodi ya shaba ya Afrika. Twain alianza kuimba katika baa akiwa mtoto, na wazazi wake walipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 1987, aliwalea wadogo zake kwa fedha za kuimba katika hoteli ya kitalii. Ukitafuta maisha ya kuimbia kantri, hayo yanatosha na kubaki.

Lange aliingiza katika Come On Over ngoma za rock na sauti za waitikiaji zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka. Kisha kwa ajili ya soko la nje ya Amerika Kaskazini wakaichanganya upya albamu nzima, fidla na gitaa la kulazwa vikapunguzwa au vikaondolewa. Wahakiki wakasema kantri imekwisha hapo. Wasemavyo juu ya ala ni kweli. Lakini sikiliza anachofanya mwanamke huyu kwa maneno. Katika That Don't Impress Me Much anawapanga wanaume watatu: mmoja anayejiona ana akili, mwingine anayetembea na kioo na kitana, wa tatu anayelipenda gari lake hadi kulibusu. Kila mmoja anapewa chake, kwa upole, kwa tabasamu, na kiitikio kinamfungia mlango. Mswahili yeyote aliyewahi kukaa katika ukumbi wa taarab anajua jina la jambo hilo. Ni kijembe.

Na kijembe ni kantri kuliko gitaa lolote. Mwaka 1952 Kitty Wells alipofika namba moja, mwanamke wa kwanza kufika peke yake kileleni mwa orodha ya kantri, alifika kwa wimbo wa kujibu. Hank Thompson alikuwa ameimba kumlaumu mwanamke wa baa, naye Wells akarudisha lawama kwa wanaume. Loretta Lynn alimwimbia mume mlevi asirudi nyumbani akidai mapenzi, na mwaka 1975 aliimba kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, redio nyingi zikakataa kuupiga wimbo huo. Huo ndio ukoo wa Twain. Kiitikio cha Lange kinaweza kutoka kiwanja cha mpira, lakini mwanamke anayesimama katikati yake anajibu kama walivyojibu waliomtangulia. Kwa hukumu yangu, Come On Over ilihama kwa vyombo na ikabaki kwa maneno, na toleo lile la nje lisilo na fidla ni kantri zaidi ya diski ya kijani ya Up! yenye fidla tele.

Twende sasa upande wa pili, maana taarab ina safari yake ya namna hiyo, na haikuishia mahali pazuri sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Khadija Kopa, aliyepikwa katika klabu ya Culture ya Unguja, alihamia Dar es Salaam kuimba na Tanzania One Theatre. Mpinzani wake alikuwa Nasma Khamis wa kundi la Muungano. Majibizano yao yalijaza kumbi: mmoja akitoa wimbo leo, mwenzake anatafuta jibu, na mashabiki wanakuja na noti mkononi wakisubiri ule mstari utakaomsemea kila mmoja kwa jirani yake. Baadaye kidogo vikundi vya taarab ya kisasa, East African Melody wakiwa mbele, vilipunguza ala. Kikosi cha fidla, kanuni, udi na akodiani ni watu wengi wa kulisha na kusafirisha. Kinanda cha umeme kinachoiga vyote hivyo ni mtu mmoja na meza. Harusi ikawa inaweza kumudu taarab usiku kucha. Watu ambao zamani walikaa vitini wakitikisa vichwa wakainuka kucheza, na mtindo ukaitwa rusha roho.

Wapenzi wa taarab asilia walisema yale yale yaliyosemwa Nashville: kelele, biashara, hakuna ufundi. Mimi kinanda hakinisumbui. Bhalo alishatufundisha kwamba ala zinaweza kutoka popote. Kinachonisumbua ni kwamba pamoja na fidla, fumbo nalo lilitoka. Taarab ya klabu ilikuwa na sheria isiyoandikwa: sema unalotaka, lakini usemwaye aweze kukana kwamba ni yeye, na usemaye uweze kukana kwamba ulimkusudia. Mtu alitukanwa kwa ua, kwa samaki, kwa chombo baharini. Rusha roho iliona hiyo ni safari ndefu. Ikasema waziwazi: mume wako ninaye, nyumba yangu umeikosa, wivu utakuua. Kijembe kilibaki, tena kikali, lakini ala yake ilikuwa imebadilika katika lugha yenyewe.

Hapa kantri na taarab zinaachana njia. Kijembe cha kantri hakikuwahi kuhitaji fumbo. Kitty Wells na Loretta Lynn walisema kweupe, na ukweupe huo ndio heshima ya kantri; mtunzi wao Harlan Howard aliwahi kusema muziki huo ni kodi (chords) tatu na ukweli. Kwa hiyo Twain anapowataja wanaume wake watatu kwa sifa zao mchana kweupe, hapotezi kitu. Lakini mwimbaji wa taarab anaposema kweupe, anaacha nyuma kazi aliyoifanya malenga kwa karne nyingi. Ndiyo maana nyimbo nyingi za mipasho ya miaka ya 1990 zilitikisa mji kwa miezi sita, kisha zikasahaulika na ugomvi uliozizaa. Zile za Siti na za Bi Kidude bado tunazibishania, kwa kuwa hatujamaliza kuelewa nani alikuwa akisemwa. Nakubali wapo wa kisasa waliorudi kwenye fumbo, na Khadija Kopa mwenyewe, akipata mtunzi mzuri, hulitamka fumbo kwa namna ambayo wanafunzi wake wengi hawawezi. Malezi ya Culture hayafutiki.

Taylor Swift nitampitia haraka, kwa kuwa kesi yake ni nyepesi. Oktoba 2014 alitoa 1989 na kuitangaza mwenyewe kuwa albamu yake ya kwanza ya pop kamili. Hakuweka gitaa la Dolly, wala hakuandaa diski ya kijani ya kuwatuliza wazee wa Nashville. Alifungua kwa wimbo unaoutaja mji wa New York, yaani alitoa hata anwani mpya, na zaidi ya nakala milioni 1.2 zikanunuliwa wiki ya kwanza. Unaweza usiupende muziki wake, lakini aliyeaga mlangoni hashtakiwi kwa kutoroka.

Twain hakuaga. Alitaka kubaki kila mahali, na sababu haikuwa uchoyo wake tu. Redio za Marekani zimegawanywa kwa mitindo: kwa kawaida kituo cha kantri hakipigi pop, cha pop hakipigi kantri, na wimbo usio na sanduku hupata redio kwa shida. Diski tatu zilikuwa jibu la kibiashara kwa kuta hizo, na kama jibu la kibiashara zilifanya kazi: Up! ilikuwa albamu yake ya tatu mfululizo kupewa cheo cha almasi Marekani. Lakini gharama ililipwa na maneno. Ili wimbo mmoja uingie masanduku matatu, ulipaswa kwanza kuondolewa kila kitu kinachoweza kukwama mlangoni.

Baada ya Up! alikaa karibu miaka 15 bila albamu mpya. Ndoa na Lange ilivunjika, sauti ikaharibika kwa ugonjwa wa Lyme. Alipotoa Now mwaka 2017, nyimbo zote aliziandika peke yake, na sauti ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo. Albamu hiyo nayo ni ya pop kwa vyombo, na haifikii Come On Over kwa ufundi wa tuni. Ila nyimbo zake kadhaa zina mtu ndani, mwanamke mmoja mwenye majeraha yanayojulikana, na hazingeweza kutolewa kwa rangi tatu.

Basi msomaji, ukiamua kununua moja, nunua Come On Over, toleo lolote utakaloliona kwanza. Na ukiwa na kanda ya Juma Bhalo nyumbani, ipige baada yake, mbele ya mtu anayekwambia kwamba muziki wa wenyewe hukaa katika fidla.